Kulala hemani kando ya mto Engare Sero, kati ya Lengai na Ziwa Natron: jipange hivi

Watu wengi wakirudi Natron wanakwambia barabara mbaya na joto kali, basi, hadithi imeisha. Kiukweli pale panakalika vizuri tu ila pana ratiba yake na hiyo ratiba hujaipanga wewe. Asubuhi ndo ya kutembea, mchana ni wa kukaa chini ya mti usifanye lolote, jioni ni ya upepo, na usiku wa manane ndo wa kupanda mlima kama unapanda. Ukija na ratiba ya mjini, yaani mnaamka saa tatu, chai saa nne, mnatoka saa sita na watoto, mtateseka hata kama mna hema la milioni mbili. Haya yote ninayoandika hapa chini yamekaa juu ya hilo.

Kwa asiyejua tunaongelea wapi: kijiji cha Engare Sero, wilaya ya Ngorongoro mkoani Arusha, kusini mwa Ziwa Natron (kwenye ramani ya simu tafuta na Ngaresero pia, yote yanaandikwa). Mto unashuka kutoka kwenye ukuta wa Bonde la Ufa, unapita kwenye korongo refu la mawe halafu unatokea kijijini, na kambi nyingi zimejipanga pembeni yake au karibu nao. Ukigeuka kusini unaiona Ol Doinyo Lengai, mita 2,962, volkano hai kabisa, na ng'ambo ya mashariki umesimama mlima Gelai. Ziwa lenyewe liko mita 600 hivi tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo sahau ile baridi ya Arusha mjini, huku ni tanuri.

1. Mwezi wa kwenda

Juni mpaka Oktoba ndo salama, barabara kavu, mito midogo imekauka. Masika, Machi mpaka Mei, achana nayo, na Novemba Desemba nenda kama una gari la maana na huna haraka ya kurudi. Sio kwamba kutakuwa na mvua siku nzima, la, shida ni makorongo. Ile njia inakatiza makorongo mengi ambayo ukipita asubuhi ni mchanga mkavu na ukirudi jioni yanatembeza maji ya kifuani, na madaraja hamna ya kutegemea kila mahali. Ukikuta korongo limejaa unazima gari unasubiri lishuke, mara nyingi ni masaa machache tu, na usimfuate dereva anayekwambia "tunapita tu, mi napajua".

2. Gari na njia

Arusha mpaka Mto wa Mbu kupitia Makuyuni ni lami tupu. Pale Mto wa Mbu unakata kulia kwenda Selela, Engaruka, halafu Engare Sero. Hii ndo njia ambayo mwaka 2011 ilijaa magari ya nchi nzima watu wakienda Samunge kwa Babu, yule mchungaji mstaafu aliyekuwa anatoa dawa ya mitishamba, kunywa kikombe, kwa hiyo waulize wazee wenye Noah, watakusimulia kila jiwe. Kuanzia Mto wa Mbu hesabu masaa manne mpaka matano kama gari ni zima na hamsimami simami kupiga picha za twiga, ambao wapo kweli, na pundamilia, na swala, bure kabisa pembeni ya barabara.

Usiende na gari dogo la chini kama IST. Najua kuna mtu atakuja kusema kaenda na IST akafika, sawa, hongera, ila gari la juu lenye 4x4 ndo linalokupa usingizi. Tairi mbili za spea kama unaweza, maana mawe ya lava ni makali na yanachana tairi ubavuni, na ubavuni hapazibiki. Jeki ijaribu ukiwa nyumbani, na beba kipande cha ubao cha kuiwekea chini kwa sababu kwenye majivu jeki inazama yenyewe badala ya kunyanyua gari. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye gari pia, ili ukifika kwenye mchanga mwingi upunguze upepo kidogo kisha ujaze tena mbele. Mafuta jaza ful tenki Mto wa Mbu. Huko mbele petroli ipo ya kwenye dumu na chupa, bei yake utaijua hapo hapo na ubora wake hautaujua kabisa.

Kama huna gari, kuna mabasi ya Arusha kwenda Loliondo yanayopita njia hii, yanatoka alfajiri, ukimwambia konda anakushusha kijijini. Inawezekana kabisa na watu wanafanya, ila jua kwamba ukishashuka huna gari la kukupeleka ziwani wala chini ya mlima, itabidi ukodi bodaboda au uombe lifti kwenye magari ya wageni, na maji ya kunywa utabeba kiasi ambacho mgongo wako umekubali. Njia ya kupitia Longido na Gelai ipo pia ila kwa mara ya kwanza usijaribu.

3. Sokoni Mto wa Mbu

Hapa ndo manunuzi yote. Nyanya, vitunguu, hoho, limao, ndizi, mchele wa pale pale. Usinunue kitu kinachotaka friji. Nyama achana nayo, ukitaka nyama utanunua mbuzi kijijini. Dagaa wakavu, karanga, unga, mayai ya kuchemsha kabisa kabla hujaondoka, maharage uliyoyachemsha nyumbani ukayakausha maji na kuyala usiku wa kwanza, hayo ndo yanafika.

Maji ndo kitu namba moja. Lita tano kwa kila mtu kwa siku, za kunywa na kupikia tu, kuoga sijahesabu. Wanne kwa siku tatu ni lita 60, kwa hiyo chukua madumu makubwa ya lita 18 au 20 sio katoni za chupa ndogo, maana zile chupa zote utarudi nazo, kule hamna gari la taka linalopita. Kuna jambo ambalo wengi hawalijui: maji ya ukanda huu wa Bonde la Ufa yana floraidi nyingi, ile inayofanya meno yawe ya kahawia, na floraidi haitoki kwa kuchemsha, ukichemsha sana ndo inazidi kukolea. Siku mbili tatu hazitakudhuru, ila ladha yenyewe utaigundua kwenye chai, na mtoto mdogo mpe ya dumu tu.

Pale pale dukani na famasi ongeza hivi: pakiti za ORS (ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya kurudisha maji mwilini, ni muhimu kuliko panadol), limao, kofia pana, glavu za mafundi ujenzi jozi moja kwa kila anayepanda mlima, misumari ya nchi sita kama kumi na mbili, kamba ya katani au ya manila, mshumaa, na ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ya kukagulia noti. Tochi nitaieleza. Mifuko ya plastiki usihangaike nayo, ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019, tumia viroba na ndoo zenye mfuniko, ambazo ndo nzuri zaidi kwa vumbi pia.

4. Mageti

Njiani kuna vizuizi vya kulipia, vya halmashauri na vya kijiji, na mtu asiyejua anaanza kugombana kwenye cha pili akidhani anaibiwa. Hapana, ni vya mamlaka tofauti. Ila tozo zinabadilika, kwa hiyo siku moja kabla pigia simu kambi unayokwenda uulize siku hizo nini kinalipwa wapi. Kitambulisho cha taifa (NIDA) beba, bila hicho utajielezaje kwamba we ni Mtanzania wa kulipa bei ya Mtanzania. Pesa kwenye simu iwepo na keshi iwepo, kwa sababu mtandao unashika na kukatika, na control number, ile namba ya kulipia serikalini, bila mtandao ni namba tu. Na risiti. Kila unapolipa chukua risiti uiweke kwenye dashibodi, geti linalofuata wataiulizia. Ukiambiwa "mashine mbovu nipe tu", omba uandikiwe kwenye kitabu, kwa upole, bila ubishi, ukiwa umezima gari. Anayezima gari anaonekana ana muda.

5. Pa kuweka hema

Fika kabla ya saa tisa mchana. Ukifika saa kumi na mbili utaweka hema na upepo mkononi na kila mtu kambini atakuwa anakutazama.

Kwanza mto wenyewe. Kila mtu anataka hema liwe pale maji yanapolia, na hiyo ndo sehemu ya kuikwepa. Maji ya huu mto yanatoka juu kwenye nyanda za Ngorongoro, mvua ikinyesha huko wewe chini unaona nyota, mto unapanda usiku wakati umelala. Angalia mashina ya miti na vichaka vya ukingoni: ukiona majani makavu, vijiti na vitambaa vimenasa kwenye matawi, hiyo ndo alama ya mahali maji yalifika. Hema lako liwe juu ya alama hiyo, na sio kidogo. Angalia pia chini, kama udongo ni mchanga laini uliopangika mistari mistari, hapo ni mto unaopumzika, sio uwanja. Na ukiwa umelala ukasikia sauti ya mto imebadilika ikawa nzito, au asubuhi maji yaliyokuwa meupe yamekuwa ya kahawia yanaleta vijiti, hamsha watu msogee juu, vyombo mtavifuata baadaye.

Pili upepo. Muulize askari wa kambi upepo wa jioni unatokea upande gani, hao vijana wanalala nje kila siku wanajua. Mlango wa hema uupe mgongo upepo. Weka nyuma ya kichaka au gari, lakini usiweke chini ya tawi kubwa kavu hata kama kivuli chake kimekuvutia, migunga inaangusha matawi bila taarifa. Ila kivuli cha mchana lazima kiwepo, kwa hiyo kabla hujagonga kigingi chochote simama pale ujiulize jua la saa saba litakuwa wapi, sio jua la sa hivi.

Tatu vigingi, na hapa nakaa kidogo. Vile vyepesi vinavyokuja na hema ni vya kwenye majani ya bustani, kule ardhi juu ni majivu laini kama unga na chini ni mwamba, kigingi kinaingia kirahisi na kinatoka kirahisi zaidi. Kwenye mwamba tumia misumari ya nchi sita. Kwenye majivu fanya hivi: chukua kijiti kinene urefu wa mkono kuanzia kiwiko, funga kamba ya hema katikati yake, chimba kishimo cha kina cha kiganja na kidole cha mbele, kilaze kijiti kimekingama na kamba imeelekea kwenye hema, fukia, halafu panga mawe mawili matatu makubwa juu. Vuta kamba kwa nguvu zako zote. Ikisogea ongeza mawe. Fanya kona zote nne na zile kamba za pembeni ambazo watu huwa wanaziacha kwenye mfuko wake. Upepo ukija usiku, na unakuja, hema litapiga kelele lakini halitahama.

Vumbi litaingia tu hata ufanyeje. Zipu ndo zinakufa kwanza, zinajaa majivu zinakwama, ukivuta kwa hasira meno yanaachana. Mswaki wa zamani, piga piga zipu kila asubuhi, kisha paka ule mshumaa juu yake huku na huku. Inateleza tena.

Na sasa ile tochi. Nge akimulikwa mwanga wa zambarau anawaka rangi ya kijani kibichi, huhitaji kumtafuta, anajionyesha. Kabla ya kutandika, giza likishaingia, zunguka eneo la hema ukimulika mawe na magogo, mulika viatu, mulika mlango wa choo. Watoto wataipenda hii kazi kuliko wewe. Viatu vilale ndani ya hema na asubuhi vikung'utwe hata hivyo. Nyoka nao wapo, dawa ni kutembea na tochi na viatu vya kufunika usiku, na mtu akiumwa asikatwe wala asifungwe kamba wala asinyonywe kidonda, alazwe, mguu usichezeshwe, gari liwashwe. Hospitali kubwa ni Karatu au Arusha, kwa hiyo gari lilale limeelekea njiani na funguo ijulikane iko wapi.

Neti ya mbu ni lazima, ni bonde la joto lenye maji, malaria ipo.

6. Kupika

Mtungi mdogo wa gesi na kichomeo chake juu unatosha familia. Kuni usikate, hata kavu za kuokota ni za wenyeji na miti yenyewe ndo hiyo michache unayoiona, na moto wa kuni kwenye ule upepo ni kutafuta balaa. Kipike chakula cha usiku saa kumi jioni kabla upepo haujaanza, weka kwenye hotipoti, kula saa moja. Ukipika saa moja usiku utakula ugali wenye majivu na gesi itaisha kwa kuwasha upepo. Jiko liwekee ukuta wa mawe pande tatu, au mlango wa gari uliofunguliwa.

Vyakula vyote vilale ndani ya gari, vioo vimefungwa. Nyani na tumbili wanajua zipu inafunguliwaje na wanakuja ule muda mmekwenda kuoga mtoni.

Mbuzi: kama mko wengi, waambie askari wa kambi mnataka mbuzi, watawaunganisha na mwenye nao. Bei mnakubaliana kabla hajafika, na anayechinja na kuchoma mnamlipa pembeni. Waacheni wachome wao, kwa vijiti, taratibu, na chumvi tu. Usilete maswala ya sosi ya nyanya hapo.

7. Mchana, kaa

Kuanzia saa tano mpaka saa kumi hamna kitu cha kufanya na hiyo ndo maana ya kambi kuwa mtoni. Joto linagusa nyuzi 40 siku mbaya. Lowesha kanga jifunike, kaa kwenye maji yasiyofika magotini, lala. Kunywa hata kama huna kiu, mkojo ukiwa wa njano iliyokolea umeshachelewa, changanya ORS. Mtu akianza kuumwa kichwa, kuongea mambo yasiyoeleweka, ngozi ya moto na jasho limekata, huyo mpeleke kivulini mvue mmwagie maji mpepee na muanze safari ya hospitali, sio mpaka kesho. Hema mchana usilale ndani, ni oveni.

Sabuni usitumie mtoni. Maji yale yale yanakwenda kunywewa na ng'ombe na watu wa kijiji kule chini, chota kwenye ndoo uogee mbali. Choo cha kambi kikiwa hakifai, jembe dogo, hatua 70 kutoka mtoni, fukia.

8. Maporomoko

Hii ni ya asubuhi, toka saa moja. Mnatembea kwenye korongo la mto kwenda juu, karibu saa nzima, na sehemu kubwa mko ndani ya maji, kuna mahali ni ya magoti na mahali ni ya kiuno. Juu kuta za mawe zimesimama pande zote mbili, kuna miti ya jamii ya minazi imeota ukutani na chemchemi zinatoka kwenye mwamba zina uvuguvugu. Mkifika maji yanamwagika, unaingia chini yake unakandwa mabega.

Lazima mwenyeji awaongoze, ni utaratibu wa kijiji na pia yeye ndo anajua leo mto unapitika ama la. Akisema leo hatuendi, hamuendi, msimpandie dau. Ndani ya korongo maji yakija hamna pa kukimbilia, kuta ni wima. Viatu ni vya kulowana vinavyoshika, katambuga za tairi za kimasai ni bora kuliko raba za laki, na ndala zinabaki mtoni. Simu ifungwe kwenye ndoo ndogo ya mfuniko.

9. Ziwani na kwenye nyayo

Jioni kuanzia saa kumi na nusu, au alfajiri. Natron ndo mahali flamingo wadogo wa Afrika Mashariki wanapozaliana, kwa hiyo unaowaona Manyara au Nakuru wengi asili yao ni huku. Msiwafuate wakaruka, simameni walipo. Maji ya ziwa ni magadi, yanachoma macho na vidonda, na tope la pembeni linaonekana gumu juu kumbe chini ni uji, pita anapopita anayewaongoza. Mkirudi osheni miguu na viatu kwa maji ya dumu, magadi yakikauka yanakula ngozi ya kiatu.

Njiani kuna nyayo za binadamu wa kale, zaidi ya 400, zimegandia kwenye tope la majivu ya volkano. Watafiti walizitangaza 2016, wanazikadiria kati ya miaka 5,760 na 19,100. Unaona kabisa kisigino na vidole, na mahali mtu aliongeza mwendo. Msizikanyage, na watoto washikwe mkono.

10. Lengai, kwa anayetaka

Sio lazima. Nasema hivi kwa sababu watu wanapanda kwa aibu ya kubaki kambini halafu wanashushwa wanalia. Kilimanjaro ni mrefu mara mbili ila kule unakwenda pole pole kwa siku kadhaa, huku unapanda mita zaidi ya 2,000 usiku mmoja, wima, kwenye majivu na changarawe inayorudi nyuma kila hatua.

Lala mchana. Kula wali saa kumi na mbili. Mnatoka kambini kama saa nne usiku, mnaanza kupanda saa sita hivi, masaa matano mpaka sita, jua linawakuta juu. Maji lita tatu hadi nne kila mtu, njiani hamna hata tone. Tochi ya kichwa na betri za akiba, fimbo, glavu (mtashika mawe makali kwenye kushuka hasa), koti kwa sababu juu kunakuwa na baridi na upepo ghafla baada ya joto lote lile, kofia ngumu kama ipo maana mawe yanadondoshwa na walio mbele. Msipande mkiwa mmenyooka kwenye mstari mmoja wa kuangukiana.

Juu kreta, yaani shimo la mdomo wa volkano, iko pale pale, na lava yake haifanani na ya volkano nyingine yoyote duniani inayolipuka leo, ni ya kaboneti (chumvi za jamii ya magadi), ina joto la nyuzi 500 hadi 600 tu, nusu ya lava za kawaida, inatoka nyeusi halafu ikikaa inageuka nyeupe. Ndo maana mlima kwa mbali unaonekana kama una theluji. Usisogelee ukingo, ule ni mkate mkavu. Septemba 2007 mlima ulilipuka kwa nguvu na ukaendelea mpaka 2008, kwa hiyo kabla ya kuja uliza hali yake, na mwongozaji akisikia ngurumo au harufu ya gesi imezidi akageuza, geuka naye. Anza kushuka mapema, ukichelewa saa nne asubuhi itakukuta kwenye mteremko bila kivuli, na magoti yako ndo yatakuwa yameisha. Baada ya hapo siku nzima ni ya kulala mtoni, usipange kuendesha gari siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mpango mzuri ni usiku tatu: siku ya kwanza kufika na kuweka hema, ya pili maporomoko asubuhi, mchana kulala, jioni ziwa, usiku mlima, ya tatu mnalala siku nzima, ya nne alfajiri safari.

11. Majirani

Mko kwenye kijiji cha watu, sio hifadhini. Salimia. Mwanaume unamwambia "supai" anaitikia "ipa", mwanamke "takwenya" anaitikia "iko". Watoto wakija wameinamisha kichwa wanasubiri umguse kichwani, mguse, ndo shikamoo yao, usibaki umesimama unamshangaa. Picha ya mtu omba kwanza na kama kuna bei ongea kabla ya kupiga. Akina mama watakuja na shanga kambini, kama hununui sema hapana asante mara moja kwa heshima, usiseme "baadaye", baadaye watakuja kweli. Watoto usiwape pipi na hela, ukitaka kusaidia pitia kwa mwalimu au mwenyekiti wa kijiji. Muziki wa gari uzimwe saa mbili usiku.

12. Kuondoka

Funga hema saa kumi na moja alfajiri kabla upepo na jua havijaamka. Lifungue lote ulikung'ute kwa ndani, nge anapenda kulala chini ya kile kitambaa cha sakafu, kwa hiyo lile la chini linyanyue kwa fimbo kwanza, sio kwa mikono. Misumari ihesabu, zikiwa zimeingia kumi na mbili zitoke kumi na mbili, ule mmoja utakaobaki utamchoma ng'ombe au tairi ya anayekuja. Takataka zote garini mpaka Mto wa Mbu. Maji yaliyobaki usimwage, wagawie askari wa kambi, ila acha lita kumi garini mpaka muione lami. Angalia tairi, zungukia hata ya spea, na kichujio cha hewa kitoe ukigonge gonge chini, utashangaa kinachodondoka.